Wawindaji Wanane, Kinywa Kimoja

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeajiriwa kama mhoji, na niliamini mhoji hukaa kwenye kiti. Mkufunzi alinichukua asubuhi na mapema kwenye maegesho ya duka moja la Louisville, akaendesha kuelekea kusini mpaka lami ikaisha. Tulisimama mbele ya lango la mabomba ya chuma lenye kibao kilichosema kwamba hiyo ni ardhi ya umma ya kuwinda, inayotunzwa na idara ya wanyamapori ya jimbo. Mkufunzi aliangalia viatu vyangu, akaangalia matope, kisha akanirushia kizibao cha rangi ya machungwa.

"Usikivue mpaka urudi kwenye gari," akasema. "Si cha baridi hicho. Ni ili mtu asikudhanie kulungu."

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kila tukikutana kwenye harusi nilikuwa nafanya nini hasa miaka ile ya katikati ya muongo wa elfu mbili na kumi, baada ya kumaliza shahada ya biolojia. Wengi wanadhani nilikuwa nahesabu wanyama. Sikuwahi kumhesabu mnyama hata mmoja. Nilikuwa nahesabu wawindaji, au tuseme, nilikuwa nahesabu walichokuwa wanafikiri. Nimestaafu kazi hiyo kabla ya kufikisha miaka thelathini, kwa hiyo mnisamehe nikiongea kama mzee. Ni kazi inayozeesha masikio.

Utaratibu ulikuwa hivi. Idara za wanyamapori za majimbo mbalimbali ziliikodi kampuni yetu ndogo iwaulize wawindaji wanaonaje ardhi ya umma inavyosimamiwa. Sisi wahoji tulisimama langoni wakati wa msimu, watu wakiingia au wakitoka, tukiwa na kompyuta bapa mkononi. Kulikuwa na maswali funge, ambayo mhojiwa anachagua jibu kati ya yaliyopangwa, kuanzia "naridhika sana" mpaka "siridhiki kabisa". Kulikuwa na maswali wazi, ambayo anasema anavyotaka nawe unaandika maneno yake bila kuyapamba. Juu ya yote kulikuwa na kanuni ambayo Mkufunzi aliirudia kama sala: mtu mmoja, jibu moja.

Mimi ni Mrundi. Nilikulia kambini Kigoma, na kule neno wanyamapori lilikuwa na maana moja tu: askari. Ukionekana na nyama ambayo haikutoka buchani, unaulizwa umeipata wapi, na swali hilo halikuwa la kutaka maoni yako. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna serikali inalipa watu wakamuulize mwindaji kama ameridhika, nilicheka, kisha nikaomba kazi. Nilitaka kuona mwisho wake.

Wawindaji wa pale Louisville walinifundisha haraka. Wa kwanza niliyemhoji alikuwa mzee wa Kizungu aliyeegemea pikapu yake akimenya chungwa kwa kisu.

"Idara hii ni yetu," aliniambia. "Leseni yangu ndiyo inayomlipa yule kijana anayefunga geti. Sasa geti anamfungia nani? Ananifungia mimi!"

Aliyemfuata alikuwa kijana wa umri wangu. Alisema babu yake akiona nyayo za kulungu alikuwa anawaita majirani waje kutazama, jinsi walivyokuwa adimu. "Leo tunalalamika wamepungua kidogo. Hawa watu wa idara wamefanya kazi, tuseme kweli." Wa tatu alisema yote mawili kwa pumzi moja: idara imewaokoa kulungu, na idara haijui chochote kuhusu kulungu.

Nilimuuliza Mkufunzi niandike lipi.

"Yote mawili. Usimsaidie mtu kuwa na msimamo."

"Na idara ikishajua wanachotaka, inakifanya?"

"Wakati mwingine."

"Wakati mwingine ni lini?"

"Kunywa kahawa yako," akasema, "itapoa."

Sikuacha kuuliza. Niliuliza kwa nini maswali yanaandikwa na watu wasiowinda. Niliuliza kwa nini tunawahoji waliofika langoni tu, na si waliokata tamaa wakabaki nyumbani, maana huenda hao ndio wenye mengi ya kusema. Nadhani ndiyo sababu baada ya msimu mmoja nilihamishiwa Columbus. Waliita kupandishwa cheo.

Columbus nilikuwa chini ya Mratibu wa Kanda, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye mwenyewe alikuwa anawinda tangu utoto. Alinipa lango moja tu, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, na swali moja zito. Ardhi ile ya umma ilikuwa na kipande cha magharibi, kichaka kizito katikati ya mashamba ya mahindi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanawinda pale kwa bunduki, na vikundi vilikuwa vinafanya msako. Sasa wawindaji wa upinde walikuwa wameiomba idara kipande hicho kiwe chao peke yao. Walisema misako inatimua kulungu wote kwenda kwenye mashamba ya watu binafsi, ambako mtu wa kawaida haruhusiwi kukanyaga. Idara haikuwa imeamua. Ilitaka kusikia kwanza, na katika msimu ule masikio yake yalikuwa mimi.

Msako ni jambo rahisi kulieleza. Watu wengi wanatembea kichakani kwa mstari, wakipiga kelele na kutikisa matawi, ili kukurupusha wanyama. Upande wa pili mtu mwenye bunduki anaotea, amesimama kimya, akingoja kitakachotoka. Anayeotea anahitaji subira na shabaha. Anayekurupusha anahitaji miguu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki ilifika gari moja kubwa la abiria. Mlango ulipofunguliwa nilisikia Kiswahili cha Kivu kikimwagika kwenye maegesho, wanaume wanane wamevaa vizibao vya machungwa juu ya makoti ya kazini. Nilisogea na kompyuta yangu, nikawasalimu.

"Eh, dada anasema Kiswahili!" mmoja akashangaa. "Unauzisha nini?"

"Siuzi kitu. Nakusanya maoni."

"Maoni njo nini?" akamuuliza mwenzake.

"Ni ile kintu mama-mukwe anakupatia bila kumuuliza."

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Ndipo akashuka wa mwisho, mzee mrefu aliyekuwa anashuka kwa kushikilia mlango kwa mkono wa kushoto tu. Vicheko vikapungua. Huyo alikuwa Mzee Byamungu. Alikuwa amewinda msituni Kivu tangu ujana wake, vita vikamtoa, na huku akafanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka bega la kulia likagoma. Aliishi Gahanna, kitongoji cha Columbus, na mke wake. Wale saba walikuwa wa kanisa lake, wote watu wa ghala na viwanda, na mmoja wao, Amani, alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake.

"Uko wa wapi, mama?" mzee akaniuliza.

"Burundi, mzee wangu. Lakini nimekulia kambini Kigoma."

"Aa, ba Burundi ba mu kambi! Nyama munajua ya mukebe tu."

"Leo nimekuja kuona ya mguu," nikamjibu, na hilo lilimpendeza.

Alijibu maswali yangu yote kwa utulivu. Idara aliiheshimu. Alisema amewinda kwenye msitu ambao kila mwenye bunduki alikuwa ndiye sheria, na ule msitu sasa hauna kitu. Hapa kuna mtu anayesema basi, inatosha, mungoje mwaka kesho. Lakini kipande cha magharibi kibaki kama kilivyo. Bega lake haliwezi kuvuta upinde. Hawezi tena kutembea kichakani. Kitu anachoweza ni kusimama na kuotea, vijana wakimletea mnyama. "Donc, bakifunga msako, bamenifunga mimi," akasema. "Andika vile."

Niliandika. Kisha nikamgeukia Amani. "Na wewe, kaka?"

Alimtazama mzee. "Sawa vile muzee amesema."

"Nimesikia ya mzee. Nauliza ya kwako."

"Njo hiyo."

Wa tatu akasema vilevile. Wa nne. Yule mcheshi alisema, "Muzee amesema, sisi tumesema," na safari hii hakuwa anatania. Nilipojaribu kumvuta mmoja pembeni, Mzee Byamungu alikuja akasimama kati yetu, bila hasira.

"Mama, unatafuta nini? Batu munane bakiulizwa mbalimbali na mutu wa serikali, ule mwenye jibu yake haifanane na ya benzake njo analala ndani. Wewe umekulia kambi, haujui ile?"

Nilijua. Nilijua vizuri sana. Nyumbani kwetu kambini, askari akiingia, mama alikuwa anatutazama mara moja tu, nasi tukajua kwamba atakayejibu ni baba na sisi wengine hatukuona chochote. Lakini pia nilikuwa nimesoma chuo kikuu, na nilikuwa na kanuni yangu ya mtu mmoja, jibu moja. Niliwatazama wakiingia kichakani kwa mstari, mzee akienda peke yake upande wa pili, na sikujua nimepata majibu manane au moja.

Mratibu wa Kanda alisoma nilichotuma akaniita ofisini.

"Majibu manane yanayofanana neno kwa neno," akasema. "Mkaguzi akiyaona atasema umeyatunga sebuleni kwako."

"Sikuyatunga. Ndivyo walivyosema."

"Nakuamini. Lakini nikiyaandika manane, nimesema kuna watu wanane waliofikiria. Una hakika?"

"Wale wa upinde wana chama chao, wote wanasema maneno yaleyale ya chama, na tunawahesabu mmoja mmoja."

Hoja yangu ilikuwa nzuri, na nilijua ni nzuri. "Wale wanakuja kila mtu na gari lake," Mratibu akasema. "Najua si sababu ya maana. Lakini kila mmoja ameniambia mwenyewe. Hawa wako hawajaniambia. Nitaandika moja, na maelezo pembeni. Mkutano wa hadhara uko karibu. Waje waseme pale, kila mtu kwa mdomo wake, na hapo hakuna atakayewapunguza."

Nilitoka nimekasirika. Watu wanane wanalipia leseni nane na wanapewa sauti moja! Jumapili hiyo nilikwenda Gahanna. Mke wa mzee alitupikia fufu na sombe ya majani ya muhogo, na wajukuu wake walipita sebuleni wakimjibu kila swali kwa Kiingereza. Nilimweleza mzee kwamba jibu lake lilikuwa limehesabiwa moja.

"Moja?" Aliweka tonge chini. "Miye ni mutu munane."

"Kwa idara wewe ni mtu mmoja, mzee wangu. Na wale saba hawapo kabisa mpaka waseme wenyewe. Hapa hakuna atakayelala ndani. Waache waongee."

Alilichukua tena lile tonge, akalichovya kwenye sombe. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ninamsaidia. "Bon," akasema. "Kila mutu na kinywa yake. Nitabaambia."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha mji mdogo jirani na ile ardhi. Mbele waliketi maofisa wa idara, nyuma yao ramani kubwa, na kipande cha magharibi kimechorwa kwa rangi ya manjano. Wawindaji wa upinde walikuwa wengi. Mmoja wao, fundi bomba mwenye ndevu nyeupe, alisema kwa upole kwamba yeye hana ugomvi na mtu. Anachotaka ni kukaa juu ya mti asubuhi moja kwa mwaka bila kusikia watu wakipiga kelele. Mwingine akasema idara inapenda leseni nyingi kuliko wanyama. Mwingine akasimama kuitetea idara, akazomewa, akaketi.

Kisha zamu ya watu wetu. Mimi nilikuwa natafsiri. Mzee Byamungu alisema yake, wazi na kwa heshima, na ukumbi ulimsikiliza. Yule mcheshi alisema msako ndio siku pekee katika mwaka anayokutana na wenzake kwenye mwanga wa jua, kwa sababu wote wanafanya kazi za zamu. Mwingine alisema nyama ile inagawiwa nyumba nyingi. Mmoja baada ya mwingine walisema kipande kibaki kilivyo, lakini kila mmoja kwa sababu yake, na nikaona Mratibu wa Kanda akiandika, akiandika, akiandika. Nilikuwa karibu kutabasamu.

Amani alikuwa wa mwisho. Hakunihitaji, Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Alisema, "Mimi naomba pawe pa upinde."

Mzee alinivuta mkono nimtafsirie, na nilitamani nisijue lugha yoyote.

"Kila mwaka mimi ninatembea mbele ya bunduki," Amani aliendelea. "Kichaka ni kizito. Yule anayeotea ananisikia lakini hanioni. Ninampenda kuliko mtu yeyote humu ndani. Macho yake si yale ya zamani. Mwaka jana alipiga, na tawi lililokuwa karibu na kichwa changu likakatika. Nilitoka kichakani nikasema nimejikwaa. Sitaki kutembea tena mbele ya bunduki."

Nilitafsiri yote. Ndiyo kazi.

Nje, kwenye maegesho, wale sita waliingia kwenye gari wakafunga mlango. Mzee alisimama mbele ya Amani, na mimi nikabaki pale kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliniuliza wakati gani, baba mukubwa?"

"Nilikuwa nakupatia shingo ya nyama kila mwaka! Ya mwenye kukurupusha!"

"Nilikuwa nataka kichwa yangu, hapana shingo ya nyama."

Mzee aliinua mkono wake mzima, na kwa sekunde moja nilidhani atampiga. Alimshika kijana kisogoni, mahali ambapo lile tawi lilikatika jirani yake, akamwachia, akaingia garini. Usiku huo yule mcheshi alinipigia simu akanilaumu. "Dada, ulituuliza moya moya. Sasa uko na majibu yako. Umefurahi?"

Idara iliamua kipande cha magharibi kiwe cha upinde. Si kwa ajili ya Amani pekee, sauti za wenye upinde zilikuwa nyingi tangu mwanzo. Lakini Mzee Byamungu alifungiwa lango lake, na msimu uliofuata hakwenda kuwinda. Alikaa nyumbani Gahanna, na kila Amani alipokuja kumsalimu, aliambiwa mzee ana usingizi.

Nilihamishiwa Buffalo nikiwa na swali ambalo sikuwa nalo nilipoanza. Mpaka hapo nilikuwa naihoji idara: kwa nini haisikilizi, kwa nini inauliza wakati tayari ina jibu. Wawindaji wa kila lango walikuwa na lalamiko hilohilo, kwamba wanaamuliwa mambo na mtu ambaye hajawahi kutembea kichakani mbele ya uamuzi wake. Nami niliandika lalamiko hilo kwa uaminifu, mara nyingi sana. Haikunijia akilini kwamba ndani ya gari moja la abiria kulikuwa na idara nyingine, yenye mkuu mmoja mwema, anayejua msitu kuliko wote, aliyewatakia watu wake mema bila kuwauliza. Lakini pia siwezi kukubali kirahisi kwamba mimi na kompyuta yangu ndio tuliokuwa sahihi. Kinywa kimoja kiliwaokoa wale watu mahali ambapo vinywa vinane vingewapoteza. Bado najibishana na nafsi yangu.

Buffalo nilipanga chumba kitongojini Cheektowaga, na Meneja wa Mradi alinipa malango ya mabwawa kaskazini mwa jiji, ambako watu wanawinda bata maji. Ukitaka kujua subira ya mtu, muulize swali funge huku theluji inamwingia shingoni. Mmoja alinijibu kutoka ndani ya maji mpaka kiunoni, akisema haridhiki kabisa, na alipotoka akasema ngoja, andika naridhika, nimepata bata.

Upande wa mashariki wa jiji, kanisani kwa Wakongomani, niliwauliza watu kwa nini siwaoni malangoni. Mama mmoja akaniambia wamepita mara nyingi wakakiona kile kibao cha langoni. "Banasema ya umma. Umma ni banani?" Niliandika swali lake kwenye ripoti, kwa maneno yake. Meneja wa Mradi aliniita.

"Hili si jibu," akasema. "Hili ni swali."

"Ndiyo. Ndilo nililopewa."

"Nikaliweke wapi?"

Baada ya hapo nilibadilisha kitu kimoja katika kazi yangu, na wahoji waliokuja baada yangu waliniambia wanaendelea nacho. Kikifika kikundi, nilianza kwa kuwauliza wote pamoja, mbele ya mkubwa wao, na kuliandika jibu hilo kama jibu la kikundi. Kisha niliwaomba ruhusa, mbele ya mkubwa wao vilevile, nirudi kwa kila mmoja wakiwa tayari. Wengine waliniruhusu, wengine walikataa, nami sikulazimisha. Meneja alisema inachukua muda. Ilichukua muda.

Niliacha kazi siku niliyojiona nimeanza kubashiri jibu la mtu kwa kuangalia gari lake. Hakuna aliyenifukuza. Nilirudisha kompyuta na kizibao, Meneja akanipa mkono, nikapakia vitu vyangu kurudi Louisville. Columbus iko njiani.

Amani ndiye aliyenipokea. Alinisimulia kwamba aliweka akiba akanunua upinde wa mtambo, ule unaovutwa kwa kuzungusha mpini badala ya bega, pamoja na kiti cha kukunja, akaviacha mlangoni kwa mzee bila kubisha hodi. Vilikaa pale wiki kadhaa. Mke wa mzee alikuwa anavifagilia pembeni. Halafu asubuhi moja simu ya Amani ikalia, na sauti aliyokuwa hajaisikia kwa muda mrefu ikasema bila salamu, "Hii mpini inazungushwa upande gani?"

Kesho yake walinichukua. Ulikuwa msimu wa upinde, majani yamegeuka rangi, na kipande cha magharibi kilikuwa kimetulia kama chumba cha mgonjwa. Tulikaa nyuma ya mti ulioanguka, mzee kwenye kiti chake, Amani begani kwake akitazama kwa niaba ya macho yote mawili ya mzee. Hakuna kilichotoka. Mzee alikohoa mara nyingi mno.

Tuliporudi langoni kulikuwa na mhoji mpya, mvulana wa Kizungu mwenye viatu visivyofaa, ameshika kompyuta ileile au ndugu yake. Alimsalimu mzee, akamuuliza kama angependa kutoa maoni kuhusu usimamizi wa ardhi hii. Nilisogea nitafsiri, kwa mazoea.

Mzee Byamungu alimgeukia Amani. Amani akainua mabega. "Sema yako, baba mukubwa."

"Bon. Andika: miye ni mutu moja." Alingoja mpaka nimalize kutafsiri. "Andika: majani imekuwa marefu sana. Geti inafungwa mapema. Na kukaa ku kiti unangoya, ile hapana kuwinda, ni kungoya bisi ku kituo. Msako urudi. Lakini batu bafungue njia mu kichaka, ili mwenye kuotea aone mwenye kutembea. Umeandika? Soma nisikie."

Mvulana alisoma, nikatafsiri, mzee akarekebisha neno moja. Kisha mvulana akamgeukia Amani, akamuuliza kama naye anakubaliana na hayo.

"Hapana," Amani akasema. "Sikubaliani naye hata kidogo. Pabaki pa upinde."

Mvulana alisita, kidole kikiwa hewani juu ya kioo, akitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyefungulia mlango ugomvi wa nyumba isiyo yake. Mzee aliniuliza kijana amesema nini. Nikamwambia. Alikunja kiti chake, akakitia kwapani upande wa bega zima, akamgongea yule mvulana kompyuta kwa ukucha.

"Muandike na yeye," akasema.